Skuta za stanti: namna ya kulinganisha modeli mpya na kujua ipi inastahili pesa yako

Kwenye picha, skuta ya stanti, yaani ya kuruka na kufanyia michezo, ya pauni 70 na ya pauni 220 huwezi kuzitofautisha kirahisi. Zote zina deki (ubao wa kusimamia) nyeusi, hendo (usukani) ndefu na magurudumu mawili yanayong'aa. Mzazi anayeagiza mtandaoni anaona rangi na bei, basi anachagua kwa kimojawapo. Tofauti yenyewe imejificha sehemu mbili: shingoni, pale hendo inapokutana na foku (uma unaoshika gurudumu la mbele), na ndani ya magurudumu. Ukizielewa hizo mbili, modeli yoyote mpya itakayotoka utaipima mwenyewe, hata kama tangazo lake lina moshi na muziki mzito.

Natumia bei za Uingereza kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko skuta hizi zinakouzwa kila mtaa. Wanaotaka kununua huku na kupeleka Nairobi, Dar au Kampala wana sehemu yao mwishoni, na wasiiruke, kwa sababu barabara inabadilisha hesabu nzima.

Kwanza, tunazungumzia skuta ipi

Si ya umeme, na si ile ya kukunja. Skuta za kukunja za alumini zilienea duniani mwaka 2000, kwa kazi ya Mswisi Wim Ouboter wa Micro na kampuni ya Razor ya Marekani. Zilikuwa na magurudumu ya milimita 98 na bawaba ya kukunjia karibu na gurudumu la mbele. Watoto hawakuchukua muda kuanza kuruka nazo ngazi, na bawaba hazikuumbwa kwa mapigo hayo. Skuta ya stanti imetokana na shida hiyo: bawaba imeondolewa, deki na shingo vimechomelewa vikawa kitu kimoja, hendo haishuki wala haipandi.

Kwa hiyo kama inakunjika, au hendo yake ina vitufe vya kurekebisha urefu, si ya stanti hata kama boksi limeandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Inafaa kwenda nayo shule. Usimpe mtoto akaingie nayo kwenye rampu (miteremko ya kurukia).

Hatua ya 1: Mpime mpandaji kabla ya kuipima skuta

Pesa nyingi hupotea hapa, kwenye skuta nzuri isiyomfaa mtu wake.

Mwambie asimame wima juu ya deki akiwa na viatu vyake vya kawaida. Hendo iishie kati ya kinena na kitovu. Ikipita kitovu, atashindwa kuizungusha deki chini ya miguu, na kona zitamchosha mikono. Ikiwa chini sana atainama kama anatafuta sarafu iliyoanguka, mgongo utamuuma na kila akitua uzito wote utamwendea mbele.

Kama skuta haipo mbele yako, pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka sakafuni hadi kinenani na hadi kitovuni, uongeze unene wa viatu na kimo cha deki. Vipimo viwili utakavyopata ndiyo mipaka yako. Kisha tafuta kwenye maelezo ya muuzaji kimo chote cha skuta, kutoka chini hadi juu ya hendo. Wengine wanaandika urefu wa hendo peke yake, bila foku na deki, na namba hiyo itakupoteza. Mtoto anayekua mchukulie iliyo karibu na mpaka wa juu: hendo ndefu hukatwa kwa msumeno wa chuma, fupi hairefuki.

Uzito nao una kanuni yake. Skuta zinazouzwa Ulaya hutengenezwa kwa kiwango cha EN 14619, chenye madaraja mawili: daraja A ni la watu wa kilo 35 hadi 100, daraja B ni la kilo 20 hadi 50. Tafuta alama hiyo kwenye deki au kwenye boksi. Kijana wa kilo 60 akipanda skuta ya daraja B akaanza kuruka, ikivunjika huna wa kumlaumu.

Halafu jiulize swali moja la ukweli: anaruka kweli, au anataka tu kuwa nayo kwa sababu rafiki yake anayo? Wa pili hahitaji kitu cha zaidi ya pauni 100.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma jina la modeli

Chapa hizi zinapanga modeli zake kwa ngazi, na namba iliyo mwishoni mwa jina huwachanganya wengi. Chukua Envy ya Australia, ambayo utaikuta pia kwa jina la Blunt. Ngazi ya chini ni One, ya kati ni Colt, juu yake Prodigy. S3, S5 au S9 inayofuata ni toleo la ngazi ileile, kwa hiyo S8 ilitoka kabla ya S9. Haina maana kwamba "S5 ni bora kuliko S3" kama moja ni Colt na nyingine ni One. Hizo ni ngazi mbili tofauti kila moja ikihesabu yake.

Fuzion ya Marekani inakwenda X-3, X-5, halafu Z250, Z300 na Z350. Lucky, nayo ya Marekani, inaanza na Crew, inapanda Prospect, kisha Covenant. Madd Gear ya Australia ilijulikana kwa Kick Rascal, Kick Pro na Kick Extreme, na baadaye safu ya Carve. Decathlon ya Ufaransa ina skuta zake chini ya jina la Oxelo, za herufi MF.

Lina faida gani hili? Moja kubwa: toleo jipya la ngazi ileile mara nyingi limebadilika rangi, umbo la foku na michoro ya chini ya deki. Likitoka, lililotangulia hushushwa bei ili rafu ziwe wazi. Weka karatasi za vipimo vya matoleo mawili sambamba. Kama aina ya mgandamizo (mfumo wa kubana shingo, nitaueleza Hatua ya 3), aina ya chuma cha hendo na ukubwa wa magurudumu havijabadilika, nunua la zamani. Mpwa wangu aliwahi kunitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, hiyo ni ya mwaka jana, watanicheka." Nikamjibu kwamba tofauti ya bei ingemtosha kununua kofia na jozi ya magurudumu. Akakubali, ingawa kwa shingo upande.

Hatua ya 3: Chunguza shingo

Hapa usiwe na haraka, ndipo skuta ya bei ndogo inapojulikana.

Shingoni kuna beringi mbili, ya juu na ya chini, zinazoiwezesha hendo kuzunguka. Lazima kuwe na kitu kinachozibana kwa kiasi: zikilegea, skuta inagongagonga; zikikazwa mno, hendo haizunguki. Hicho kinachobana ndicho wauzaji wanachokiita mgandamizo, na kina aina chache.

Ya chini kabisa ni foku ya meno: juu ya mrija wa foku kuna meno ya skrubu, na nati mbili zinakazwa kama kwenye baiskeli za zamani. Inafanya kazi, lakini kila mtuo mzito unazilegeza nati, na mtoto hajui kukaza. Meno yakiliwa, foku imekwisha. Kwenye skuta ya pauni 60 aina hii haiepukiki. Kwenye ya pauni 120 usiikubali.

Inayofuata ni ICS. Boliti ndefu inapita chini ya foku na kuvuta nati iliyopigwa ndani ya hendo. Ubaya wake ni kwamba ili kuikaza lazima kwanza utoe gurudumu la mbele. Siku hizi inazidi kupungua, na ukiikuta kwenye "modeli mpya" ujue chuma hicho kimekaa stoo muda mrefu.

IHC ndiyo iliyojaa kwenye skuta za bei ya kati, zikiwemo Prodigy za miaka ya karibuni. Mrija wa foku umepunguzwa unene sehemu ya juu, kipande chembamba cha chuma kinavishwa juu yake, boliti inakaziwa kwa juu ndani ya hendo. Ni nyepesi na rahisi kurekebisha. Mtoto wa miaka minane hadi kumi na tatu anayecheza kwenye rampu hana haja ya zaidi.

HIC inafuata wazo lilelile, ila mrija wa foku unabaki na unene wake kamili wa milimita 28.6, kwa hiyo hendo lazima iwe nene, milimita 34.9 kwa nje badala ya 31.8 ya kawaida. Ni imara zaidi, na nzito kidogo.

SCS ndiyo babu yao kwa nguvu. Klampu (kibanio) kubwa ya boliti nne inashika foku kwa nusu yake ya chini na hendo kwa nusu ya juu. Wanaoruka ngazi na kuteleza kwenye reli za mitaani huipenda. Ina mtego mmoja: hendo zake hazitakiwi kuwa na ule mpasuo wa chini unaokuwepo kwenye hendo za aina nyingine. Ukinunua hendo ya mtumba yenye mpasuo, itabidi ukate kipande hicho kwanza, na kimo kinashuka.

Baada ya mgandamizo, tazama shingo yenyewe. Kuna za beringi zinazokaa moja kwa moja ndani ya chuma cha deki, na kuna za kupigia vikombe ndani ya shingo kisha beringi zikae humo. Vikombe hulegea, na tundu likishapanuka hakuna dawa. Karatasi ya vipimo ikisema shingo ni ya kuunganishwa ("integrated" ndivyo wanavyoandika), umepata ya kwanza. Kwa mtazamo wangu hiki ndicho kipimo kimoja kinachotenganisha skuta ya kuchezea na skuta ya michezo.

Kama uko dukani, inyanyue skuta sentimita kumi, uiachie itue kwa gurudumu la mbele. Ikitoa mlio mmoja mkavu, iko sawa. Ikilia kama masufuria yanayogongana kuna kitu kimelegea. Halafu weka kidole pale deki inapokutana na foku, shika hendo kwa mkono mwingine, itikise mbele na nyuma. Kidole kitahisi hata mchezo mdogo ambao jicho halioni. Ikiwa mpya inacheza, mwombe muuzaji aikaze mbele yako. Akishindwa kuimaliza, achana nayo.

Hatua ya 4: Deki na hendo

Deki karibu zote ni za alumini, mara nyingi aina ya 6061. Upana wa inchi 4.5 unamtosha mtoto. Vijana wanapenda 5 na kuendelea, na wa mtaani wanafika 6 kwa sababu deki pana inatua vizuri kwenye reli. Lakini upana ni uzito. Skuta kamili ina kilo tatu hadi nne, na mtoto wa kilo 25 anaihisi nusu kilo anapojaribu kuizungusha deki hewani. Usimnunulie ya kaka yake ili "akue nayo".

Geuza deki uangalie mchomeleo wa shingo. Unatakiwa uwe na mawimbi madogo ya kufuatana, bila matundu wala sehemu iliyopakwa rangi nzito kuficha kitu.

Hendo zina vyuma vinne. Chuma cha kawaida kipo kwenye za bei ndogo: kizito, kinapinda. Kromoli, yenye namba 4130, ni imara na hukuonya kwa kupinda kabla ya kukatika, nami ndiyo ninayomshauri kila mtu. Alumini ni nyepesi mno, watoto wanaipenda, ila ina tabia ya kupasuka kwenye mchomeleo bila kutoa taarifa. Ukimnunulia, kagua mchomeleo kila wiki. Titani ni nyepesi na imara pamoja, na hendo moja tu inaweza kuzidi bei ya skuta nzima ya kati. Waachie wanaolipwa kuruka.

Hatua ya 5: Magurudumu na beringi

Kiini cha gurudumu ni plastiki au alumini. Cha plastiki kitapasuka. Siku yake tu haijulikani. Skuta za chini huja na magurudumu ya milimita 100 yenye kiini cha plastiki, na hapo ndipo mtengenezaji anapobana matumizi. Milimita 110 yenye kiini cha alumini ndicho kipimo cha kawaida leo. Kuna 120 kwa wanaotaka mwendo, na kuna yenye upana wa 30 badala ya 24 kwa watu wa mtaani. Kabla hujanunua ya upana wa 30 hakikisha foku na mkia wa deki vinayapokea, maana foku ya 24 haitayameza hata ukiomba.

Ugumu wa mpira wa juu unaandikwa kwa namba na herufi A, nyingi zikiwa karibu na 86A hadi 88A. Namba ikipanda, gurudumu linakimbia zaidi kwenye mbao laini ila linatetemesha mikono kwenye lami.

Kuhusu beringi, usitishwe na maneno "ABEC 9". Kipimo cha ABEC kinasema tu beringi imechongwa kwa usahihi kiasi gani. Hakisemi chuma chake kitahimili mapigo ya kuruka ngazi. Beringi za ABEC 5 zenye bomba dogo la kati linalozitenganisha zitazidi umri za ABEC 9 zisizo na bomba hilo, kwa sababu bila bomba ukikaza ekseli unaziponda kwa ubavu. Toa gurudumu utazame, ni kazi ya alenki (ufunguo wa pembe sita) na dakika mbili.

Breki, gripu (mipira ya kushikia hendo) na msasa wa deki usivipe uzito wakati wa kulinganisha. Vyote ni vya kubadilisha na ni rahisi. Gripu ngumu kama plastiki zitamchubua viganja, basi utampa jozi nyingine. Ila hakikisha ncha za hendo zimezibwa, kwa sababu mrija wazi ukimwangukia mtoto tumboni ni hatari kubwa.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya mwaka, si ya siku ya kununua

Chora safu mbili kwenye karatasi. Upande mmoja bei ya leo, upande wa pili vipuri utakavyohitaji kwa mwaka kama mtoto anakwenda rampu kila wikendi. Bei za huku ni takribani hizi: jozi ya magurudumu ya alumini pauni 25 hadi 50, seti ya beringi 6 hadi 12, gripu 8 hadi 12, msasa 6 hadi 10, klampu 15 hadi 30, foku 35 hadi 60.

Tuseme skuta ya kwanza ni pauni 75, ina foku ya meno na magurudumu ya plastiki. Ya pili ni pauni 140, ina IHC, shingo ya kuunganishwa na magurudumu ya alumini ya 110. Ya kwanza ikipasua magurudumu umetoa 25 nyingine, uko kwenye 100. Foku ikiliwa meno, huwezi kubadilisha foku peke yake, kwa sababu foku isiyo na meno inadai mgandamizo wake, klampu na beringi za shingo. Hapo unaweza kupita 170 na bado deki ni ileile dhaifu. Ya pili katika mwaka huohuo itataka beringi na gripu, basi. Na ukitaka kuiuza, mtu ataitafuta kwa jina lake, wakati ya kwanza utaitoa bure.

Lakini hesabu hiyo inageuka kama mtoto anaipanda mara moja kwa wiki kwenye njia ya bustani. Hapo ile ya 75 itadumu miaka, na pauni 65 zilizobaki mnunulie viatu.

Maoni yangu kwa kila bei

Chini ya pauni 90: nunua ya chapa inayouza vipuri vyake, kama Oxelo ya Decathlon au Envy One, uachane na zile za dukani zisizo na jina. Mtoto wa miaka sita hadi minane anayejaribu tu, hapa panatosha.

Kati ya pauni 100 na 180 ndipo pesa inapofanya kazi zaidi, na kama ungeniuliza mtaani bila kunieleza chochote, jibu langu lingekuwa hapa. Colt, Z250, Crew, na Prodigy ya toleo lililopita ukiikuta imeshushwa bei. Kagua tu kwamba ina shingo ya kuunganishwa na magurudumu ya alumini. Ukikosa kimojawapo kwenye bei hii, unalipia jina.

Pauni 180 hadi 260 ni kwa anayekwenda rampu zaidi ya mara mbili kwa wiki na ameshaivunja ya kwanza. Prodigy mpya, Prospect na Z350 ziko maeneo haya. Kati ya hizi hakuna mbaya; chagua kwa kimo, uzito na upatikanaji wa vipuri mahali unapoishi.

Juu ya 350 unaingia kwenye kuunda skuta kipande kwa kipande, deki ya Ethic ya Ufaransa, hendo za kampuni nyingine, magurudumu ya kampuni ya tatu. Ni raha, nakubali. Ila skuta nyingi za namna hiyo ninazoziona zinasukumwa na watoto ambao bado hawajaweza kuzungusha hendo hewani mara moja.

Hatua ya 7: Kununua na kuifunga

Ukinunua mtandaoni Uingereza, sheria inakupa siku 14 baada ya kuipokea kumjulisha muuzaji kwamba umebadili nia, mradi hujaitumia kupita kuijaribu tu. Ikiwa na kasoro, Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kuikataa na kurudishiwa pesa zote. Kwa hiyo usitupe boksi, na fanya jaribio la shingo siku ileile inapofika, kabla haijagusa lami. Dhamana za viwandani mara nyingi hazilipi kilichovunjika kwa kuruka, hata kama bidhaa imetengenezwa kwa ajili ya kuruka. Inaudhi, lakini ndivyo zilivyoandikwa.

Nyingi hufika hendo ikiwa imetengana na deki. Kuifunga kuna mpangilio, na ukiukosea utaitukana skuta isiyo na kosa:

1. Legeza boliti zote za klampu. Ivishe hendo klampu.
2. Ingiza hendo kwenye foku hadi ifike mwisho, uinyooshe na gurudumu la mbele.
3. Kaza boliti ya mgandamizo kwanza, huku klampu bado imelegea. Simama pale mchezo unapoisha na hendo bado inazunguka kwa kusukumwa na kidole.
4. Ndipo ukaze klampu, boliti hii kidogo, ile kidogo, kwa zamu, hadi zote zishike sawa.
5. Rudia jaribio la kuidondosha. Baada ya siku ya kwanza ya kuendesha, rudia namba 3 na 4 za orodha hii, maana vitu vipya hukaa mahali pake vikishapigwa.

Wengi wanakaza klampu kwanza halafu wanahangaika na boliti ya juu isiyovuta kitu. Alenki za milimita 5 na 6 zinamaliza karibu kila kazi.

Kofia iwe ya EN 1078, si mapambo. Viwanja vya ndani kama Adrenaline Alley kule Corby au Rampworx ya Liverpool vina masharti yao ya kofia. Yasome kabla ya kufunga safari.

Kuhusu mtumba

Skuta ya mtumba ya ngazi ya kati inaweza kuwa biashara nzuri kuliko mpya ya ngazi ya chini. Usinunue kwa picha peke yake, utauziwa mbuzi kwenye gunia. Omba video ya skuta ikidondoshwa, na picha tatu: mchomeleo wa shingo, mchomeleo wa hendo, na chini ya deki karibu na gurudumu la nyuma. Michubuko chini ya deki haina neno. Mstari mwembamba kama unywele karibu na mchomeleo ni ufa, na alumini yenye ufa haichomelewi ikarudi kama zamani. Zungusha pia magurudumu: yenye sehemu bapa yatakutetemesha, toa pauni 30 kwenye bei.

Kama inakwenda nyumbani

Magurudumu haya magumu ya milimita 110 hayajui murram, mchanga wala lami iliyochimbika. Jiwe dogo tu linaisimamisha skuta na mtoto anaendelea mbele peke yake. Kabla ya kutuma, uliza swali moja: kuna sakafu laini karibu? Nairobi kuna uwanja wa skeiti wa Shangilia, Kangemi, uliojengwa 2013. Kampala kuna ule wa Kitintale, wa tangu 2006. Anayeishi karibu na viwanja kama hivyo, au kwenye mtaa wenye paving nzuri, ataitumia. Wengine watafutie skuta ya vumbi, ile yenye matairi ya upepo ya milimita 200. Ni nzito na haizungushwi kirahisi, lakini itapita njia ya nyumbani, na pancha yake fundi baiskeli yeyote anaiziba.

Ushuru upo, na juu yake VAT: Kenya asilimia 16, Tanzania Bara 18. Ongeza na usafirishaji kabla hujasema kwamba ya huku ni rahisi. Toa hendo, ilaze sambamba na deki, na boksi linapungua nusu.

Ndani ya boksi hilohilo tia jozi moja ya ziada ya magurudumu, boliti za klampu na alenki. Beringi usijisumbue sana. Zinazotumika ni za namba 608, ndizo za skeiti na vifaa vingine vingi, na fundi akisikia hiyo namba anajua aende duka gani.